Muislamu na Hesabu: Ugomvi Uko Wapi Hasa?

Katika misikiti mingi ya pwani, kuanzia Lamu mpaka Kilwa, ukutani hutundikwa kalenda ya nyakati za swala. Muadhini huitazama, hutazama saa yake, kisha hushika kipaza sauti. Hatoki uani kupima kivuli cha alasiri, wala hapandi darini kuangalia kama wekundu wa machweo umetoweka. Anaiamini hesabu. Na waumini walio nyuma yake wanaiamini kiasi cha kufungulia saumu kwayo, jambo ambalo likikosewa kwa dakika chache linaweza kuharibu funga ya kutwa nzima.

Nimeanza na kalenda hiyo kwa sababu kwetu mjadala wa dini na sayansi huanzia mahali pasipofaa. Huanzia kwa Darwin, au kwa asili ya ulimwengu, au kwa kijana wa chuo kikuu anayeuliza kama anaweza kusoma fizikia na bado akabaki na dini yake. Hayo ni maswali ya haki na nitayafikia. Lakini yakitangulia, tunasahau kwamba Muislamu anayeswali aliingia ndani ya hisabati zamani, mara tano kwa siku, na ibada yake haikutikisika. Ninavyoona mimi, ugomvi tunaousikia ni nadra kuwa wa Kurani na sayansi. Mara nyingi ni ugomvi wa mipaka: nani ana haki ya kuamua nini. Na wanazuoni wa kale waliijua mipaka hiyo vizuri kuliko sisi.

Tuichukue hiyo alasiri. Katika madhehebu ya Shafi, ambayo Waislamu wengi wa pwani wanayafuata, wakati wake huingia pale kivuli cha kitu kinapolingana na urefu wa kitu chenyewe, juu ya kile kivuli kilichobaki jua lilipokuwa katikati ya mbingu. Sheria imetoa kipimo. Kujua kipimo hicho kinatimia saa ngapi leo, mjini Mombasa, katika mwezi wa Juni, ni kazi ya trigonometria. Ndiyo maana misikiti mikubwa ya Misri na Shamu ilikuja kuajiri muwakiti, mtaalamu wa falaki aliyepanga nyakati. Ibn al-Shatir (1304–1375) alikuwa mkuu wa kazi hiyo katika Msikiti wa Bani Umayya mjini Damascus. Mtu huyu, aliyepata riziki yake msikitini, alitunga nadharia ya mwendo wa mwezi ambayo kihisabati ni sawa na ile aliyokuja kuichapisha Copernicus mwaka 1543.

Kibla nacho kina habari yake. Sisi wa pwani tumepewa wepesi: Makkah iko longitudo 39.8 Mashariki, Mombasa 39.7, Dar es Salaam 39.3, kwa hiyo anayeelekea kaskazini hapa hakosei kwa zaidi ya nyuzi moja au mbili. Huko Ghazna, katika Afghanistan ya leo, jambo halikuwa rahisi hivyo. Al-Biruni, aliyezaliwa mwaka 973, aliandika kitabu kizima cha kupima latitudo na longitudo za miji, akakikamilisha mwaka 1025, na shabaha yake ikiwa ni kuujua upande wa kibla cha mji ule. Mswahili aliyehamia Toronto au New York hulikuta tatizo hilohilo. Akitazama ramani iliyotandazwa ukutani ataiona Makkah upande wa kusini-mashariki, ilhali njia fupi juu ya mviringo wa dunia inaelekea kaskazini-mashariki. Waislamu wa Marekani walibishana juu ya hilo kwa miaka. Maana ya kuelekea Kaaba huamuliwa na fikihi. Umbo la dunia si jambo la kutolewa fatwa.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa mirathi. Al-Khwarizmi aliandika kitabu chake cha aljebra mjini Baghdad katika karne ya tisa, enzi za Khalifa al-Ma'mun, na sehemu kubwa ya kitabu hicho ni masuala ya wasia na urithi. Aljebra ambayo leo mtoto wa sekondari anaiona kama somo la kigeni ililelewa na haja ya kugawa mali ya marehemu kwa uadilifu. Tazama suala moja mashuhuri, ambalo inasimuliwa kwamba Sayyidna Ali aliulizwa akiwa juu ya mimbari. Mtu amekufa, ameacha mke, mabinti wawili, baba na mama. Mke ana thumni, mabinti wana theluthi mbili, baba ana sudusi, yaani moja ya sita, na mama ana sudusi. Gawa mali mafungu 24: mke apate 3, mabinti 16, baba 4, mama 4. Jumla ni 27. Mafungu yamezidi mali. Ali akajibu papo hapo kwamba thumni ya mke (moja ya nane) imegeuka tusui (moja ya tisa), yaani mali igawanywe mafungu 27 badala ya 24, na kila mmoja apungukiwe kwa uwiano wake. Ibn Abbas hakuikubali njia hiyo; aliona kuna warithi wanaopaswa kupungukiwa na wengine wasiguswe.

Jambo la kulishika hapo ni mgawanyo wa kazi. Hesabu ilisema kwamba mafungu hayatoshi, na hapakuwa na sahaba aliyelipinga hilo. Lakini hesabu haikuweza kusema nani apunguziwe. Hilo walilijadili mafakihi, na wakahitilafiana kwa heshima. Kila elimu ilifanya kazi yake, ikasimama pale kazi yake ilipokwisha.

Kwa mizani hiyohiyo tuutazame mwezi mwandamo, maana hapa ndipo sisi wa Afrika Mashariki tunapoumizana. Wapo wanaongoja tangazo la Mufti au la Kadhi Mkuu, wapo wanaofuata habari ya Saudia, na kuna miaka ambapo jirani amefunga na jirani mwenzake amevaa kanzu ya Idi. Wengi hudhani ni vita vya sayansi dhidi ya dini. Tukichambua tutaona kwamba maswali matatu yamefungwa kitita kimoja.

Swali la kwanza ni la falaki tupu: mwezi uko wapi magharibi ya leo? Wastani wa mwezi mwandamo mmoja hadi mwingine ni siku 29, saa 12 na dakika 44, na ile dakika ambayo mwezi unakutana na jua inajulikana miaka mingi kabla. Hapa hapana mjadala. Swali la pili ni gumu zaidi: je, utaonekana? Kuzaliwa kwa mwezi na kuonekana kwake ni mambo mawili. Mwanafalaki Mfaransa André Danjon alionyesha katika karne iliyopita kwamba mwezi ukiwa karibu na jua kwa chini ya takriban nyuzi 7, hilali haionekani. Na juu ya kiwango hicho bado kuna ukungu, vumbi, macho ya mtazamaji na kimo cha mwezi juu ya upeo. Falaki inaweza kusema kwa yakini kwamba leo haiwezekani kuonekana. Kusema kwamba leo lazima utaonekana, na mtu fulani, mahali fulani, ni jambo jingine kabisa.

Swali la tatu si la sayansi hata kidogo: mwezi ukionekana mji mmoja, je, unawalazimu watu wa mji mwingine? Hili lilizuka mapema sana. Mtu aitwaye Kurayb alirudi Madina kutoka Shamu na habari kwamba huko mwezi umeonekana usiku wa Ijumaa. Ibn Abbas akasema wao wa Madina waliuona usiku wa Jumamosi na watafuata mwandamo wao. Madhehebu zikagawanyika hapo, na Mashafi wengi wakashika kila mji na mwezi wake. Kwa hiyo anayetaka Waislamu wote wale Idi siku moja, na anayetaka kila nchi iuangalie mwezi wake, wote wana wanazuoni nyuma yao, na hakuna darubini itakayowaamulia.

Lakini kuna jambo ambalo hesabu inaweza kulikata, na inasikitisha kwamba tunaiacha isilikate. Taqi al-Din al-Subki, kadhi mkubwa wa Kishafi wa Damascus katika karne ya 14, aliandika kwamba hesabu ya yakini ikionyesha mwezi hauwezi kuonekana, ushahidi wa anayedai ameuona hukataliwa hata akiwa mtu mwadilifu. Sababu yake ni ya kisheria: ushahidi hauthibitishi jambo lisilowezekana. Shahidi anaweza kuwa mkweli na jicho lake likawa limemdanganya. Miaka ikapita, na mwaka 1939 mwanachuoni wa hadithi wa Misri, Ahmad Shakir, akaenda mbali zaidi. Alisema Mtume (s.a.w.) aliwaagiza watu kuangalia mwezi akitaja kuwa wao ni umma usioandika wala kuhesabu; kwa hiyo hali hiyo ikiondoka, hesabu yenyewe itegemewe. Baraza la Fikihi la Amerika Kaskazini lilichukua njia ya hesabu mwaka 2006, na jumuiya kubwa ya Muhammadiyah ya Indonesia imekuwa ikiifuata kwa muda mrefu. Mimi sioni kwamba tunalazimika kufika alipofika Shakir. Alipofika al-Subki panatosha, na kama ofisi zetu za dini zingepashika, matangazo kadhaa ya kuonekana kwa hilali ambayo haikuwapo angani yangezuiwa kabla ya kuvuruga watu.

Aliyezichora waziwazi hatari za kuichanganya mipaka hii ni Imamu Ghazali (1058–1111), na inashangaza kwamba mara nyingi yeye ndiye anayelaumiwa kwa kuua sayansi katika Uislamu. Katika kitabu alimoeleza safari yake ya kutafuta yakini, alipofika kwenye hisabati alisema elimu hiyo haina cha kuikanusha wala kuithibitisha dini, lakini inazaa maafa mawili. La kwanza ni mtu anayestaajabia uhodari wa wanahisabati, akadhani kila wanachokisema, hata juu ya Mungu, kina uthabiti uleule wa hesabu zao. La pili ni rafiki mjinga wa Uislamu, anayedhani anaitetea dini kwa kukataa kila elimu yao, mpaka hesabu za kupatwa kwa jua na mwezi. Huyu, alisema Ghazali, ameifanyia dini jinai kubwa, kwa sababu anayejua ushahidi wa hesabu zile hatazitilia shaka hesabu. Ataitilia shaka dini.

Maneno hayo yana zaidi ya miaka 900, na watu wale wawili bado tunao. Yule wa kwanza leo ni mwanafizikia anayetoka kwenye milinganyo yake na kutangaza kwamba hakuna Muumba, na vijana wetu humwamini kwa sababu ana shahada. Yule wa pili yuko kwenye mimbari zetu.

Naye Ghazali alikuwa na sunna ya kusimamia. Alipofariki Ibrahim, mwana wa Mtume, jua lilipatwa, na watu wakasema limepatwa kwa msiba huo. Mtume akawakanya, akasema jua na mwezi ni ishara mbili miongoni mwa ishara za Mwenyezi Mungu, hazipatwi kwa kufa wala kuishi kwa mtu. Wanafalaki wanalihesabu tukio hilo kuwa la tarehe 27 Januari 632. Kama angekuwa mtu anayetafuta wafuasi, hapo alipewa muujiza bila kuuomba, na akaukataa. Kisha akaswali. Tarehe 2 Agosti 2027 jua litapatwa kabisa juu ya Makkah; dakika yake inajulikana tangu sasa, na swala ya kupatwa kwa jua itaswaliwa vilevile. Kulijua jambo na kusujudu kwa ajili yake havijawahi kuzuiana.

Hapa nina neno juu ya mihadhara ya miujiza ya kisayansi ndani ya Kurani, ambayo tangu kitabu cha daktari Mfaransa Maurice Bucaille cha mwaka 1976 imeenea kwa kaseti, kisha video, sasa simu. Wanaoitoa wana nia njema. Wanawahutubia vijana walioambiwa kwamba dini yao ni ya nyuma, na wanataka wanyanyue vichwa. Hata hivyo njia yenyewe ina kasoro kubwa. Aya ya 47 ya Sura adh-Dhariyat husomwa leo kuwa inataja kupanuka kwa ulimwengu. Mbona katika karne zote za tafsiri hakuna aliyeitoa humo habari hiyo kabla ya Lemaître kuiandika mwaka 1927 na Hubble kuitolea ushahidi mwaka 1929? Tunachokifanya ni kusubiri wengine wavumbue, kisha kurudi kwenye mas-hafu kutafuta neno linalofanana. Na nadharia za sayansi hubadilika. Hiyo ndiyo nguvu yake. Anayeifunga aya kwenye nadharia ya leo amemwachia mwanawe mtihani wa kuifungua kesho. Imamu al-Shatibi wa Granada, aliyefariki mwaka 1388, alikwisha kuwaonya waliotaka kuipa Kurani kila elimu ya wanafalsafa na wanahisabati, kwa hoja kwamba waliokuwa wa kwanza kuisikia hawakuielewa hivyo. Kurani imeamrisha kutazama mbingu. Haikusema kwamba imetutazamia.

Sasa nifike kwenye jambo zito kuliko yote, ambalo kwetu si la kinadharia. Tarehe 17 Julai 1959, Mary Leakey aliokota fuvu huko Olduvai lililokuja kukadiriwa kuwa na umri wa miaka milioni 1.75, na likaitwa Zinjanthropus, kwa jina la Zinj ambalo Waarabu wa kale waliiita pwani hii yetu. Mwaka 1978 huko Laetoli zikafukuliwa nyayo za miaka milioni 3.6 hivi. Mtoto wa Tanga au Zanzibar anafundishwa haya asubuhi shuleni na kuyaandika kwenye mtihani. Jioni chuoni anafundishwa kuumbwa kwa Nabii Adamu kutokana na udongo. Anajifunza kuwa na majibu mawili, moja kwa kila mwalimu. Huo ni unafiki tunaomfundisha sisi, na una gharama.

Wanazuoni hawakubaliani hapa, na si haki kumficha msomaji jambo hilo. Wengi hukataa kabisa kwamba binadamu ana asili moja na viumbe wengine. Wapo wanaokubali kila kitu na kuisoma habari ya Adamu kama mfano. Kati yao kuna msimamo uliofafanuliwa na David Solomon Jalajel, na uliojadiliwa kwa kirefu na Shoaib Ahmed Malik katika kitabu chake cha mwaka 2021 juu ya Ghazali na mageuzi ya viumbe: kwamba Kurani imetoa habari ya mtu mmoja, Adamu, aliyeumbwa bila baba wala mama, na haikueleza historia ya viumbe wengine wote waliokuwapo duniani. Mifupa na damu ni mashahidi wa makundi ya viumbe kwa mamilioni ya miaka. Kuumbwa kwa mtu mmoja kwa amri ya Mungu ni jambo ambalo ushahidi wa namna hiyo hauwezi kulifikia, si kwa kulikataa wala kwa kulithibitisha. Mimi naona huu ndio msimamo wenye mipaka safi. Unamruhusu mwanafunzi kuikubali miamba ya Olduvai kwa moyo mmoja, na kuiamini habari ya Adamu kwa moyo uleule. Anayeukataa ana haki yake, mradi asimwambie mtoto kwamba mafuvu yale ni uzushi wa Wazungu. Si uzushi, yapo, na yamefukuliwa ardhini mwetu.

Watu huuliza pia kuhusu miujiza: kama maumbile yana kanuni, Musa aliipasua bahari vipi? Wanazuoni wa itikadi ya Kiashari walijibu kwamba kanuni hizo ni desturi ya Mungu katika kuumba kwake. Moto na pamba vikikutana, Mungu ndiye anayeumba kuungua, na anaweza kuiacha desturi akitaka. Mwanafalsafa Ibn Rushd aliogopa kwamba maneno hayo yataua elimu. Hofu yake ilikuwa ya kweli, lakini desturi isiyobadilika ila kwa mitume inapimika vizuri tu maabara. Na hata hisabati yenyewe huanza kwa jambo lililokubaliwa bila uthibitisho: Omar Khayyam na Nasir al-Din al-Tusi walihangaika kuithibitisha kanuni ya tano ya Euclid, na katika karne ya 19 ikajulikana kwamba haithibitiki kutokana na zile nyingine.

Kama dini haikuizuia hesabu, kwa nini basi tuko nyuma katika sayansi? Jibu la kwamba Ghazali aliizima taa linakanushwa na tarehe. Alikufa mwaka 1111. Kituo cha kuangalia nyota cha Maragha kilianzishwa mwaka 1259, na al-Kashi aliihesabu pai hadi tarakimu 16 baada ya nukta mwaka 1424. Kilichokosekana ni taasisi zenye kudumu: kituo cha Istanbul kilichojengwa mwaka 1577 kilibomolewa kwa amri ya Sultani mwaka 1580. Hapa pwani, wazee wetu waliziogopa shule za misheni kwa sababu ya kuhofia dini za watoto wao, na hofu hiyo ilikuwa na msingi. Lakini Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui (1891–1947) wa Mombasa aliona hatari ya upande wa pili, akawahimiza Waislamu kupitia magazeti yake waitafute elimu ya kisasa.

Mwaka 1979 Abdus Salam, Mpakistani, alipata Tuzo ya Nobel ya fizikia pamoja na Wamarekani Sheldon Glashow na Steven Weinberg. Weinberg hakumwamini Mungu. Salam, katika hotuba yake kwenye karamu ya tuzo, alisoma aya za Sura al-Mulk. Nadharia waliyoifikia ni moja. Salam alikuwa Mwahmadiya, na nchi yake ilikuwa imetangaza mwaka 1974 kwamba watu wa jumuiya yake si Waislamu. Neno “Muislamu” likaja kufutwa hata kwenye jiwe la kaburi lake. Katika itikadi msomaji anaweza kuwa mbali naye. Lakini kituo alichokianzisha Trieste mwaka 1964 kimewasomesha wanasayansi wengi wa nchi maskini, na tangu mwaka 2018 kina tawi Kigali, mlangoni petu.

Ombi langu ni kwa walimu wa madrasa na kamati za misikiti: rudisheni falaki na hesabu za mirathi kwenye ratiba, zifundishwe kwa kalamu, karatasi na jua lenyewe. Pa kuanzia pako karibu. Kila tarehe 28 Mei saa 6 na dakika 18 mchana, na tarehe 16 Julai saa 6 na dakika 27, kwa saa zetu za Afrika Mashariki, jua huwa juu kabisa ya Kaaba. Katika mwaka mrefu ni siku moja kabla. Wapeni watoto fimbo, waisimamishe wima uwanjani, wachore mstari kutoka ncha ya kivuli mpaka shina la fimbo. Mstari huo ndio kibla.